Kuifuata Sauti ya Kisimani Mpaka Mitwero

Niliondoka nyumbani Temeke kwa sababu ya sauti ya mwanamke nisiyemjua. Sauti hiyo hutokea katika filamu moja ya kutisha, pale kifuniko cha kisima kinapofunuliwa. Filamu yenyewe si nzuri. Jini lake limepakwa unga wa ngano usoni, na ndevu zake zinabanduka kila likigeuka. Lakini muziki wake ulinikosesha usingizi tangu siku ya kwanza nilipousikia kwenye banda la video, na mpaka leo nikiusikia vinyweleo vya mikono husimama.

Kazi yangu ni kufunga spika kwenye harusi na mikutano. Mapenzi yangu ni kukusanya muziki wa filamu za kutisha: kanda, santuri, flashi, chochote kilichobeba mlio bila picha. Nafumba macho, nasikiliza. Mke wangu Rehema huliita kabati langu makaburini, na wageni wakiuliza huwaambia nimefuga mashetani ambayo, alhamdulillahi, hayali wali. Simlaumu. Ila kabati hilo limenifunza kwamba muziki mbovu hupiga kelele jini likishafika. Mzuri hukuweka ukisubiri, na katika kusubiri ndiko roho inakoruka.

Sauti ya kisimani ilikuwa ya namna hiyo. Ilikuwa nzito, ya chini, inayojivuta, inapanda kidogo kisha inazama. Haikuwa kinanda, kwa maana ilikuwa na pumzi ndani yake. Mimi nilikuwa nayo kwenye simu tu, niliyoinakili kutoka kwenye filamu, imechanganyika na mayowe ya waigizaji na jogoo mmoja aliyewika bila kualikwa. Nilitaka kanda ya asili. Nilipompata kwa simu mtengenezaji wa filamu hiyo, Mzee Kassimu wa Kilwa Masoko, aliniambia kuwa aliyepiga muziki, Athumani, alikwisha kufariki, na vitu vyake havijulikani viko wapi. Kanda haziwasubiri watu. Kila masika ukungu huzila. Nikaingiza begini deki yangu ya kanda, kinasa sauti, hedfoni, spiriti na bisibisi ndogo, nikaaga.

Alfajiri, Mbagala. Nilipata kiti cha dirishani nikapakata begi langu kama mtoto mgonjwa. Tulipita Ikwiriri, tukapita Somanga, na jua lilikuwa limeshakaza niliposhuka Nangurukuru kuchukua gari dogo la kwenda Masoko. Njia nzima nilikuwa nikiusikiliza ule mlio, nikijaribu kubahatisha ulitengenezwaje.

Kilwa Masoko, mchana. Mzee Kassimu siku hizi anauza misumari na rangi za nyumba. Nilimkuta nyuma ya meza ya duka lake, akanitazama begi kwanza, kisha uso.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ndiye wewe mpenda majini?"

"Napenda muziki wao tu."

"Ndivyo wanavyoanza," akasema, akanisogezea kiti na kikombe cha chai.

Alinieleza kwamba filamu waliipigia Mitole, kwenye kisima cha kuazima, na kwamba Athumani alikuja na kinanda chenye meno pungufu na redio kaseti ya betri. "Jenereta tulikuwa nayo. Nikamwambia chomeka. Hataki. Nikamnunulia betri mpya, akazitia mfukoni, akaenda kwa majirani kuomba zilizokwisha. Watu wa Mitole walimcheka sana. Mimi nikasema huu sasa ubahili umevuka mpaka."

Kikombe changu cha chai kilibaki hewani. Yeyote aliyekua na redio kaseti anajua betri zikichoka kinatokea nini. Kanda inajikokota, sauti ya mwanamke inakuwa ya mwanamume, na ya mwanamume inakuwa ya ng'ombe. Basi kile kilichonitisha miaka yote hakikuwa mlio wa kubuni. Kulikuwa na mwanamke, akiimba kwa mwendo wake wa kawaida, na Athumani alimpunguza mwendo kwa makusudi.

"Kanda gani aliyokuwa akiitia?" niliuliza.

"Hakumruhusu mtu kuishika. Akimaliza anaitoa, anaiweka kifuani ndani ya shati. Na kabla hajabonyeza alikuwa akisoma bismillahi. Nilidhani anaigiza ili nimwongeze hadhi." Mzee Kassimu akaniongezea chai. "Ana dada yake mkubwa Kitomanga, Bi Zuhura. Nenda. Lakini usianze na habari ya filamu. Yule mama hajanisamehe kumwingiza ndugu yake kwenye mambo ya majini."

Kitomanga, asubuhi iliyofuata. Ufuta ulikuwa umeshavunwa na shule zilikuwa zimefungwa, ndio msimu wa wali, wasichana waliovunja ungo, kuwekwa ndani kufundwa. Kwa hiyo sikushangaa kukuta uani kwa Bi Zuhura wanawake wanapepeta mchele, na ngoma mbili zimeanikwa juani ngozi zikaze. Nilipiga hodi nikiwa mbali. Nikakaribishwa barazani upande wa nje, nikaletewa ugali wa muhogo na samaki, nikaambiwa nile kwanza. Bi Zuhura alikuja kukaa mkabala nami na ungo wake mapajani. Ni mama mnene mwenye macho yasiyopepesa. Mwali wa mwaka huu alikuwa mjukuu wake mwenyewe, na yeye ndiye angekuwa kungwi, kwa mara ya kwanza.

Nilimpa pole ya ndugu yake. Nikasema mimi ni fundi wa sauti, napenda muziki alioupiga. Akaitikia kwa adabu, mkono ukiendelea kuchambua mchele. Hapo ningenyamaza kama nilivyoonywa. Lakini uchu wangu ulinishinda. Nikatoa simu, nikabonyeza.

Mkono wa Bi Zuhura ulisimama juu ya ungo. Uani wanawake wawili walioinua vichwa hawakuvishusha.

"Zima."

Nilizima. Aliwaambia wenzake waingie ndani, akasubiri mpaka mlango umefungwa.

"Umeitoa wapi hiyo?"

"Kwenye filamu, mama. Aliyoipigia muziki Athumani."

"Unasikia maneno humo?"

"Sisikii. Ni mvumo tu."

"Usinidanganye, mwanangu. Hili si la kudanganyana."

"Wallahi, sijawahi kusikia neno hata moja."

Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nilianza kuhisi nimefanya kosa ambalo hakuna wa kuniombea msamaha wake. Kisha akashusha ungo chini. Niliyoyasikia baada ya hapo nayaeleza kwa ruhusa yake, na kwa kadiri aliyoniruhusu.

Mama yao alikuwa kungwi mkubwa wa upande ule. Alikuwa na wimbo wake wa kumpokelea mwali anapoingia ndani, na wimbo huo mwanamume hausikii, hata awe mtoto wa kumzaa. Alipougua, Bi Zuhura alikuwa kwa mumewe Mtwara, na njia wakati huo haikupitika kwa mvua. Mama akamwita Athumani, akamwambia amwonyeshe kitufe cha kunasia kwenye redio, kisha aende shamba na asirudi mpaka jua lipinduke. Akafunga mlango, akauimba peke yake, ili bintiye aje aukute. Bi Zuhura alipofika alikuta kaburi. Athumani akamwambia redio imekula kanda.

"Nililia misiba miwili," alisema. "Sasa Ijumaa wali wanaingia ndani. Shangazi zangu wamekuja wote na neno moja: kama wimbo wa mama yako huna, huyu mtoto tumpe kungwi mwingine. Nimebakiwa na vipande tu. Mwanzo wake ninao. Katikati sina."

"Umeutambuaje, na ulivyopotoka hivi?"

"Mama alikuwa anavuta pumzi katikati ya neno. Wenzake walikuwa wakimtania, wanasema kungwi gani huyu anapumzika njiani. Hiyo pumzi nimeisikia hapo." Uso ukamkunjamana. "Kumbe alikuwa nayo. Kumbe aliusikiliza."

Nikamweleza habari ya betri. Nilimweleza polepole, kwa sababu nilikuwa nikielewa mwenyewe huku nasema. Athumani hakuwa bahili. Alikuwa na sauti ya mama yake mkononi na katazo la mama yake moyoni, akaona kuna upenyo mmoja tu: aisikie imezorota kiasi kwamba hakuna neno linaloshikika. Betri mpya zilikuwa hatari kwake. Katika akili yake, mwanamume aliyesikia mvumo hakusikia wimbo.

Bi Zuhura aliinuka. Alifunga khanga vizuri, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vya safari. "Vitu vyake viko Mitwero kwa mjane wake. Mwaka jana aliniambia atachoma kila kitu. Nimempigia sasa hivi, simu imezimwa. Chukua mashine zako."

Kusema kweli, nilipokuwa nikinyanyua begi nilijua tayari kwamba kanda ile sitaipata. Niliumia. Miaka yote ya kuitafuta, na sasa ningekuwa mbeba mashine tu. Nilijiona mdogo kwa kuumia hivyo, lakini niliumia.

Tulipanda gari la kwenda Lindi, maana Mitwero iko jirani na mji huo. Mikorosho ilipita pande zote mbili, na Bi Zuhura alikuwa akibonyeza simu, anaiweka sikioni, anaishusha. Nimesikia muziki mwingi wa kusubiri. Ule mlio wa kuambiwa mteja hapatikani, ukirudiwa na mama mwenye siku mbili mkononi, unaushinda wote.

Mitwero, alasiri. Tuliona moshi kabla hatujaona nyumba. Ulikuwa ukipanda nyuma ya paa, mzito, mweupe. Bi Zuhura, pamoja na unene wake, aliniacha nyuma. Nilipozunguka ukuta nilimkuta amesimama mbele ya rundo la majani makavu ya mkorosho linaloungua, na mwanamke mwembamba ameshika reki, amepigwa na butwaa.

"Wifi, kuna nini? Nani kafa?"

"Vitu vya Athumani viko wapi?"

Mwanaidi, mjane wa Athumani, alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Ile kanda? Sijaichoma."

"Mbona ulisema utachoma kila kitu?"

"Niliogopa. Jini ukilichoma, linakwenda wapi? Si linabaki na wewe humo humo uani."

Aliitunza kanda kwenye kopo la maziwa ya unga, kifuniko amekizungushia gundi ya karatasi, kopo lenyewe ndani ya debe la chokaa stoo. Hakukubali kulishika. Mimi ndiye niliyelitoa. Alikaa mbali kwenye ngazi ya mlango akatueleza kwa nini. Siku moja alimkuta mumewe chumbani na redio, na ndani ya redio mwanamke anavuma kama yuko chini ya ardhi. "Nikamwuliza, huyo nani? Akasema, mama. Na mama yake tulishamzika. Sikumwuliza tena, na sikulala chumba kile mpaka Athumani mwenyewe alipoondoka duniani."

Bi Zuhura aliweka kiganja begani kwa wifi yake. Hakukiondoa.

Kanda ilikuwa na hali mbaya. Ukungu ulikuwa umetanda pembeni, na kile kisponji kinachoikandamiza kwenye kichwa cha kusomea kilikuwa kimebanduka. Nilisafisha kwa spiriti, nikahamisha kisponji kutoka kanda nyingine, nikaijaribu deki kwa taarabu chakavu ya Mwanaidi. Kisha nikawaambia ukweli: kanda kavu namna hii inaweza kupita mara moja ikakatika ya pili. Huenda isipite hata hiyo moja. Na fundi hunakili kwa kusikiliza. Akisikia sauti inazama anajua kanda inanata, akisikia mkwaruzo anajua inaumia. Bila masikio mimi ni sawa na dereva aliyefungwa kitambaa.

"Masikio yatakuwa yangu," alisema Bi Zuhura. "Wewe utakuwa mikono."

Nikamvika hedfoni. Nikamfundisha: sauti ikizama, kiganja chini, ikikwaruza, kiganja juu, ikiwa sawa, ngumi. Spika sikuchomeka kabisa. Alinitaka nimwonyeshe nyaya zote, moja moja, zinakwenda wapi, nami nikamwonyesha. Kisha akavuta kiti akakaa, akafumba macho. Nikabonyeza.

Kwanza ngumi. Magurudumu yalizunguka kwa kusitasita, na kwenye kioo cha kinasa sauti mshale wa kupimia sauti ukaanza kucheza. Huo ndio wimbo nilioupata mimi, mshale tu. Unapanda, unatulia, unapanda tena. Kisha katikati ya kupanda ukaanguka ghafla mpaka sifuri, ukakaa, ukainuka kuendelea pale pale ulipoachia. Nilikuwa nimeiona ile pumzi. Nilitamani kuchomeka waya mmoja tu wa spika, nisikie hata kidogo. Kidole kiliniwasha kwa tamaa. Mwanaidi, aliyekuwa amesogea bila sisi kujua, alikuwa akinitazama mimi, si mashine.

Kiganja kikashuka. Gurudumu la kupokea lilikuwa linazidiwa, kanda imeanza kunata. Kusimamisha kungeifunga pale pale. Nikaingiza ncha ya kalamu kwenye gurudumu, nikawa nalisaidia kuzunguka, nikimwangalia Bi Zuhura. Kiganja chini, nikaongeza. Kiganja juu, nikapunguza. Jasho lilinidondokea kwenye deki. Nikawa naupa wimbo mwendo wake kwa kufuata mkono wa mtu, bila kusikia hata chembe. Ngumi ikarudi. Ikakaa. Midomo yake ilikuwa imeanza kufuatisha, nikageuza uso nisije nikaisoma.

Kanda ilifika mwisho ikagota. Bi Zuhura hakuvua hedfoni. Machozi yalikuwa yakimshuka mpaka shingoni naye hayafuti.

"Ameniita jina," alisema. "Mwishoni, baada ya kumaliza. Amesema Zuhura." Akavua hedfoni. "Yaliyofuata si yako."

Nilichomoa kadi ya kinasa sauti nikampa, na kanda juu yake. Alivifunga kwenye pindo la khanga. Akauliza kama ndani ya mashine kumebaki kitu, nikamwambia hakuna, akasema fungua nione, nikafungua. Aliposhiba kuona, akanishangaza.

"Sasa nisikilizishe ile ya mdogo wangu. Yote."

Alisikiliza muziki wa kisimani mwanzo mpaka mwisho, mayowe na jogoo na vyote. Mwanaidi naye aliomba sikio moja la hedfoni, na hiyo ndiyo mara ya kwanza alipoisikia bila kukimbia. Walipomaliza Bi Zuhura alinirudishia simu.

"Usiifute. Hiyo haina neno ndani yake, nimesikiliza. Hiyo ni ya Athumani. Hii," akagusa pindo la khanga, "ni yetu."

Asubuhi ya kurudi, nilikuwa barazani Mitwero nafunga begi nikisubiri muda wa basi. Jikoni Bi Zuhura alikuwa akimfundisha wifi yake maitikio, maana alihitaji mtu wa kumwitikia Ijumaa. Hawakuniambia niondoke, labda walinisahau. Sauti yake ikaanza kupanda. Ukuta ulikuwa wa matope, na masikio yangu, Mungu aliyajalia, ni mazima. Sikuwa nimeiba kitu. Ningeweza kuendelea kufunga zipu tu.

Nilinyakua hedfoni, nikazivaa, nikaupandisha muziki wa Athumani mpaka mwisho wa sauti. Nikatoka uani hadi barabarani na mvumo ule masikioni, mzito, unaojivuta, na nyuma yangu wanawake wawili wanaimba wimbo ule ule nisiousikia. Nikasimama kituoni hivyo hivyo mpaka basi likafika. Kondakta aliniuliza mara mbili ninakwenda wapi.

Jumapili, nikiwa nyumbani, Bi Zuhura alinipigia.

"Umeimba, mama?"

"Nimeimba."

"Na wameitikia?"

"Wote. Na shangazi mkubwa, aliyetaka kuninyang'anya mtoto, nilipovuta pumzi katikati ya neno alikaa chini akalia."

Bado nakusanya muziki wa kutisha, na bado nasema mzuri ni ule unaokuweka ukisubiri. Zamani nilidhani kisimani nilikuwa nasubiri jini litoke. Safari hii imenijulisha ni nani aliyekuwa akisubiri. Ni Athumani, kijana mmoja chumbani, peke yake na sauti ya mama yake, anaitaka mno na anaiogopa mno, akijua kwamba ikikaza mwendo kidogo tu itasema naye kwa maneno, na itambidi aizime.